Somo la Mbolea

Kabla sijaiona ngano niliisikia. Lori lilinishusha asubuhi katika ukungu mzito wa nyanda za Hanang, dereva akanielekeza kwa mkono mahali ambapo sikuona kitu, kisha akaenda zake. Nikabaki na sanduku langu la bati. Pande zote palikuwa na sauti ya mvua inayonyesha mahali pengine, sauti kavu isiyokoma, inayokuja na kurudi. Nikajifunika daftari kichwani nikangoja tone la kwanza. Ukungu ulipoinuka nikajikuta nimesimama pembeni mwa masuke yaliyoiva, yameenea mpaka macho yanapochoka, na mvua yangu ilikuwa upepo ukiyasugua. Kwetu Tumati, milimani, shamba ni mahali unapoweza kumwita mtu aliye upande wa pili akaitika. Pale ungeita mpaka ukakauka koo.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi mliobaki shuleni mnanijua kama mwalimu wa historia na uraia, mzee wa chaki na kikohozi. Mliponiaga mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo sitaviandika kwa kuwa havikuwa vingi, na mishahara ilishaliwa. Nitaandika kuhusu kazi yangu ya kwanza, ambayo siku hizi haipo. Nilikuwa mkufunzi wa siasa katika shamba la ngano la umma.

Mtauliza shamba la ngano linataka mkufunzi wa siasa kwa nini. Madereva wa trekta waliniuliza hivyo hivyo siku ya kwanza. Jibu la barua yangu ya kazi lilikuwa kwamba mfanyakazi lazima ajue analima kwa ajili ya nani. Kwa hiyo mara mbili kwa juma, baada ya chakula cha mchana, niliwakusanya bwaloni madereva, mafundi na wapishi, nikawafundisha fikra za mapinduzi: zilianzia wapi, zilitaka nini, ziliruhusu nini na zilikataza nini. Baada ya chakula cha mchana maana yake ni saa ya usingizi. Nilijifunza mapema kwamba wakulima wanaogoma kwa ajili ya ardhi humwamsha msikilizaji, na nadharia ya thamani humlaza. Tangu hapo nadharia niliiweka katikati ya wakulima wawili.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Ubao ulikuwa mlango wa zamani wa stoo, tuliupaka masizi ya betri mbovu yaliyochanganywa na utomvu. Kengele ilikuwa ringi ya trekta iliyoning'inizwa, ukiigonga kwa bolti inasikika mpaka karakana. Kifaa changu kikubwa kilikuwa daftari lenye jalada gumu ambalo nilitoka nalo chuo cha siasa, nikiwa nimeandika humo kila alichosema Mzee Kapinga.

Mzee Kapinga alikuwa mkufunzi wetu chuoni, mtu wa Songea, mfupi, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Alikuwa na utaratibu wake wa kufundisha na hakuuacha. Hoja yoyote ya mapinduzi alituandikisha ukurasa wa kushoto wa daftari, na hoja ya mwanamapinduzi mwingine aliyeipinga akatuandikisha ukurasa wa kulia. Hakutaka upinzani wa mabwana na wafalme. "Hao tunajua watasema nini," alikuwa akituambia. "Andikeni wanavyobishana waliokuwa upande mmoja." Kushoto tuliandika hoja ya wale waliosema kizazi kimoja kinaweza kutolewa ili vinavyofuata viishi vizuri, na kwamba lengo likiwa kubwa, njia haiulizwi. Kulia tukaandika hoja ya wenzao waliojibu kwamba njia ndiyo lengo lenyewe likiwa bado changa, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumtoa mtu ambaye hakujitoa mwenyewe. Tulimwuliza yupi alikuwa sahihi. Akafuta miwani. "Mtihani unauliza kurasa zote mbili," akasema.

Pale shambani, Ijumaa tulikuwa na kipindi cha kujikosoa. Kila mtu, hata kiongozi, alitakiwa kusimama mbele ya wenzake na kusema kosa lake. Nilikipenda sana kipindi hiki na wafanyakazi walikipenda pia, kwa sababu zao. Petro Tluway, kiongozi wa madereva, Mwiraqw mwenzangu lakini mama yake ni Mbarabaig, wa wale wafugaji wa nyanda zile, alisimama karibu kila Ijumaa.

"Najikosoa, ndugu zangu. Wiki hii nimeukosoa ugali wa mama jikoni mara tatu."

"Mara nne!" mpishi akadakia kutoka dirishani.

"Nne. Najikosoa pia kwa kusahau moja."

Bwalo likacheka na mimi nikaandika kwenye daftari: ushiriki ni mzuri.

Sasa nifike kwenye somo lenyewe.

Baada ya mavuno yangu ya pili, shamba lilipanuliwa kuelekea upande wa Gendabi. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake walikuwa wamelala wakubwa wao. Mbarabaig wa kawaida akifa huzikwa kimya. Mtu mkubwa, aliyeheshimiwa na ukoo wote, hujengewa kilima. Watu hukusanyika miezi, wanainua udongo, samadi na miti, kilima kinapanda kidogo kidogo mpaka kinazidi kimo cha mtu, na siku ya kukimaliza ni kusanyiko ambalo hata mtoto aliyebebwa huja kuambiwa baadaye kwamba alikuwepo. Katika kitalu kipya vilikuwapo vilima viwili. Kimoja kilikuwa cha mzee mmoja wa zamani, na cha pili, mbele zaidi, kilikuwa cha mwanawe. Mjane wa huyo mwana alikuwa hai, anaitwa Bibi Udagwenga, na alikuwa akija kila mwezi mpya kukaa kwa mumewe.

Trekta zilipofika kwenye kilima cha kwanza zilisimama. Madereva walizima injini, wakashuka, wakakaa kivulini mwa matairi.

"Hapo amelala mtu mkubwa," Petro alimwambia Meneja. "Sisi hatupiti."

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mtaalamu wa mbegu, mwembamba, anayelala kidogo, na aliamini kwa moyo wote kwamba nchi isiyojilisha haiko huru. Angeweza kuwafukuza madereva wale. Aliniita mimi.

"Ndugu Mkufunzi," akasema, "hawa wanaogopa wafu. Hii si kazi ya spana, ni kazi yako."

Nilifurahi. Hili nalisema polepole maana ndilo gumu kuliandika. Miaka miwili nilikuwa nafundisha watu wanaosinzia, na leo trekta nane zimesimama zinangoja neno langu. Nilijiandaa siku tatu. Nikafungua daftari la masomo ya Mzee Kapinga, nikasoma ukurasa wa kushoto, nikautafutia mfano wa nyumbani. Nikaupata.

Kwetu Tumati ardhi ni ndogo na imechoka, na inaishi kwa samadi. Mama yangu aliibeba mgongoni kutoka zizini mpaka mteremkoni, kikapu baada ya kikapu, na alikuwa akisema shamba halidanganywi. Nikasimama bwaloni nikawaambia madereva kwamba kila kizazi ni mbolea ya kinachofuata. Nikawasimulia wakulima wa nchi za mbali walioanguka wakigombea ardhi ambayo hawakuila wao. Nikasema mzee aliyelala pale alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa hawezi kuwanyima wajukuu mkate. Nikasema angekuwa hai angetupisha yeye mwenyewe. Hakuna aliyesinzia. Mpishi alitoka jikoni akasimama na mwiko wake. Nilipomaliza wakapiga makofi, na Petro akasimama akasema, "Kama ni hivyo, sawa." Ukurasa wa kulia sikuufungua. Niliuona mrefu, na saa ya kurudi kazini ilikuwa imefika.

Alasiri ile kilima cha kwanza kililimwa. Mimi sikwenda kuangalia. Nilikuwa naandika ripoti.

Kilima cha pili kilikuwa kimepangiwa Jumatatu. Alhamisi, nikiwa napaka ubao masizi mapya, Petro alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Unaitwa."

"Na Meneja?"

"Na kina mama."

Nilidhani ni wa jikoni. Petro akatikisa kichwa.

Wabarabaig wana baraza la wanawake. Mwanamume akimkosea mwanamke katika jambo linalowagusa wote, wao hukaa na kumhukumu, na wanaume wengine, hata wawe wazee kiasi gani, hukaa mbali. Hukumu ni ng'ombe, na ng'ombe huliwa na kina mama. Anayekaidi hulaaniwa, na hata ndugu zake humkwepa kwenye maji. Nilikuwa nimesoma habari za mabaraza ya wafanyakazi na ya wanamaji walioasi, katika miji yenye theluji ambayo sitaiona maishani. Hili lililokuwa mwendo wa saa moja kutoka kwenye ubao wangu sikulijua.

"Nisipokwenda?"

"Ndugu Mkufunzi," Petro akasema, "Ijumaa huwa unatuambia hata kiongozi husimama mbele ya aliowakosea. Au hiyo ni ya madereva tu?"

Nikaenda. Walikuwa wamekaa uwandani, jua likiwapiga, pengine wanawake sitini, wamevaa ngozi zao za heshima, bangili za shaba zikilia kila mkono uliposogea. Niliwekwa mbali kidogo, nimesimama. Petro, kwa kuwa mama yake alikuwa miongoni mwao, aliruhusiwa kukaa karibu yangu atafsiri, lakini aligeuzwa awape mgongo.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Marahaba," akajibu mmoja kwa Kiswahili. Alikuwa mrefu, shingo imenyooka, uso umekauka kama ardhi ya kiangazi. Huyo ndiye Bibi Udagwenga. Wengine hawakujibu.

Wakaongea wao kwa wao muda mrefu. Petro alininong'oneza, akiangalia upande wa mlima. "Wanauliza una ng'ombe wangapi."

"Sina. Baba anao wanne, Tumati."

Akawaambia. Wakacheka wote, na kicheko kile kiliniuma kuliko ukali. Mwanamke mmoja mnene akasema kitu, wakacheka tena.

"Anasema mwanamume mzima asiye na ng'ombe, nani alimruhusu kusema habari za wafu."

Kisha Bibi Udagwenga akanyoosha fimbo yake na kicheko kikaisha. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, ili mimi nisikie bila kusaidiwa.

"Huyu hana ng'ombe. Ana maneno. Tutamtoza alichonacho. Mwalimu, lile somo ulilowapa wenye trekta, wakaingia na kutoka wamekuwa watu wengine, tupe na sisi. Lote."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Kufundisha sikujiandaa. Lakini somo nililikumbuka neno kwa neno, nikaanza. Nikafika kwenye mfano wa mama yangu na kikapu chake, Petro akatafsiri, baadhi wakaitikia kwa vichwa, maana mwanamke aliyebeba mzigo anaeleweka popote. Nikafika kwenye mbolea. Petro akasita.

"Sema," nikamwambia.

"Sijui kama naweza."

"Mimi nimesikia," Bibi Udagwenga akasema. "Anasema baba mkwe wangu ni mavi ya ng'ombe."

"Hapana, bibi. Nasema kila kizazi..."

"Kizazi chako kipi kimeshakuwa mbolea? Baba yako wa Tumati, mmemlima?"

"Hajafa, bibi."

"Babu?"

Babu yangu amezikwa nyuma ya nyumba, na mama hupalilia pale kwa mkono, jembe haligusi. Nadhani ilionekana usoni mwangu.

"Huo mkate," akaendelea, "uliosema ni wa wajukuu. Nina wajukuu kumi na mmoja. Hakuna aliyeuonja. Unakwenda wapi?"

"Mijini, bibi. Kwa wafanyakazi."

"Sawa. Wafanyakazi nao wale. Mimi sikatai mtu kula. Nauliza, huyo anayekuwa mbolea, aliulizwa?"

Nikasema, "Hilo lipo kwenye ukurasa wa kulia."

"Ukurasa gani?"

Ikabidi nieleze. Nikawaambia kwamba somo lile lina nusu mbili, na kwamba swali lake ni la zamani, limeulizwa na watu waliopigania wanyonge kama mimi nilivyodhani ninawapigania, na wengine wao walifungwa na wenzao kwa sababu ya kuliuliza. Nikawaambia mwalimu wangu alinifundisha nusu zote mbili na mimi niliwapa madereva moja. Hakuna aliyenituma kuificha nyingine. Niliiacha kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa tamu mdomoni. Petro alitafsiri polepole, na katikati ya kutafsiri aligeuka akaniangalia, akasahau kabisa kwamba alitakiwa kuwapa kina mama mgongo. Hakuna aliyemkaripia.

Hukumu yao ilikuwa fupi. Niwape madereva nusu ya pili kabla ya Jumatatu.

Niligonga ringi Ijumaa, na hicho kikawa ndicho kipindi chetu cha kujikosoa. Nilisimama mimi wa kwanza. Sikutumia mfano wowote wa nyumbani. Nilisoma ukurasa wa kulia kama ulivyoandikwa, kwa sauti kavu, na wawili walisinzia. Nikawaambia madereva wasinifuate kwa kuwa nimesema vizuri, waamue wenyewe. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza Petro hakuwa na utani.

"Mimi ndiye niliyelima," akasema. "Wewe ulisema, Meneja alipanga, mimi nikashika usukani. Jumatatu nitakizunguka. Anayetaka kunyoosha mstari apande trekta yeye."

Hakuna aliyetaka.

Jumamosi asubuhi Meneja alituita ofisini, mimi na Petro, na kwa mshangao wetu Bibi Udagwenga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, fimbo magotini. Alikuwa ametembea peke yake tangu alfajiri. Meneja alikuwa na ramani ya kitalu mezani na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Ndugu Mkufunzi, nilikuomba uwaondolee hofu."

"Hawana hofu, Ndugu Meneja. Wamekataa. Ni kitu kingine."

Akaniangalia. Nilijua anapima kama aandike barua ya kuniondoa, na baadaye kweli aliiandika, ndiyo iliyonileta kwenye ualimu, na simlaumu. Lakini asubuhi ile alichukua penseli, akachora duara dogo kwenye ramani kukizunguka kilima cha pili.

"Hatua ishirini kila upande," akamwambia bibi. "Hapatalimwa. Nikiwa hapa mimi, hapatalimwa."

Petro akatafsiri ingawa haikuhitajika. Bibi Udagwenga aliliangalia lile duara. Kisha akaweka kidole chake kirefu kando yake, penye karatasi tupu, pale kilipokuwa kilima cha kwanza.

"Na hapa?"

Meneja alishusha penseli. Nje kombaini moja ilikuwa inajaribiwa, ikakohoa, ikanyamaza. Nikaona ni zamu yangu, na kusema ukweli nilikuwa na matumaini. Nilikuwa nimehukumiwa, nimelipa nilichotozwa, kilima cha mumewe kimepona. Nilidhani hesabu za namna hii hufungwa.

"Bibi," nikasema, "hapo nilikosea. Nimesema mbele ya kina mama na nimesema mbele ya madereva. Nakuomba unisamehe."

Aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko sisi sote mle ndani. Alinitazama bila chuki, kama mtu anavyotazama mbingu akitaka kujua itakuwa siku ya namna gani.

"Nimesikia," akasema. "Ulisema vizuri, mwalimu. Na mara ya kwanza pia walisema ulisema vizuri."

Akamuaga Meneja kwa kichwa, akampita Petro, akatoka. Mlango ule wa bati siku zote watu waliuacha wazi ujipigepige wenyewe. Yeye aligeuka, akaushika kwa mikono miwili, akaurudisha taratibu mpaka komeo likaingia.